Feni Ikizimika, Moshi Uende Wapi?

Maelezo kwa kamati za parokia na wafadhili kuhusu kuondoa feni ya moshi na kujenga dohani ya chuma

Kamati ya mradi inapokaa kupanga bajeti ya kiwanda kidogo cha mikate, mambo mengi huzungumzwa mapema: tanuri, mashine ya kukandia unga, meza, trei, leseni na mishahara ya mwezi wa kwanza. Moshi huzungumzwa mwisho, na mara nyingi huachiwa fundi. Fundi naye hufanya lililo rahisi. Anatoboa ukuta, anaweka bomba fupi la kulala, na mwisho wa bomba anafunga feni ya umeme ya kuvuta moshi na kuutupa nje. Siku ya uzinduzi kila kitu hufanya kazi. Makala haya yanahusu kinachotokea baada ya hapo, na kwa nini kwa majengo mengi ya katikati ya Dar es Salaam, tangu kandokando ya bandari hadi Kariakoo na Gerezani, tunaona ni heri fedha za mradi zijenge dohani ya chuma, yaani bomba la moshi linalosimama wima hadi juu ya paa.

Tunazungumzia hasa tanuri linalotumia dizeli. Wafadhili wetu wa nchi za baridi wanakijua kichomeo cha aina hii: kwao hukaa chini ya nyumba, kikipasha joto vyumba na maji ya kuoga, na huko pia wapo wenye nyumba wanaoondoa feni ya moshi na kurudi kwenye bomba la chuma. Dar es Salaam hatuhitaji kupasha vyumba joto, joto tunalo la kutosha. Lakini mkate lazima uive.

Feni mbili, kazi mbili

Kichomeo cha dizeli kina pampu inayosukuma mafuta kupitia tundu dogo sana hadi yawe kama ukungu, kina feni yake ndogo ya kupuliza hewa, na kina cheche za umeme za kuwashia. Moto unaotoka hapo hupita ndani ya tanuri, huacha joto lake, na mabaki yake, yaani moshi, hutafuta njia ya kutoka. Bomba la kulala peke yake haliwezi kuuvuta moshi huo. Ndiyo maana huwekwa feni ya pili, kubwa zaidi, mwishoni mwa bomba. Wajumbe wasizichanganye feni hizi. Ya kwanza ni sehemu ya kichomeo na itabaki. Tunayozungumzia kuiondoa ni hii ya pili.

Feni hii ya pili ina maisha magumu. Inazunguka ndani ya moshi wa moto, masizi yanaganda kwenye mapanga yake hadi inayumba, grisi ya beringi inakauka, na umeme mdogo wa jioni unaifanya mota ivume bila kuzunguka vizuri hadi inaungua. Kelele yake usiku kucha ni jambo jingine, na majirani hawasiti kulieleza. Vilevile, kwa kuwa bomba linatokea ukutani na si juu ya paa, moshi wote unatupwa uchochoroni, kwenye kimo cha pua za watu. Pale Kariakoo uchochoro si mahali patupu. Kuna mama lishe, kuna wachuuzi, kuna madirisha ya vyumba vya watu wanaolala.

Umeme ukikatika, kichomeo na feni huzimika pamoja, na wengi husema basi hakuna hatari. Hatari ipo, ingawa ni ya muda mfupi: moshi uliobaki ndani ya tanuri hurudi chumbani. Hatari kubwa iko kwenye jenereta. Jenereta la mradi huwa dogo, na mtu mwenye nia njema ya kubana matumizi ya mafuta huunganisha vitu vya lazima tu: taa, mashine ya unga na kichomeo. Feni ya moshi inaachwa kwenye laini ya TANESCO. Hapo moto unawaka na mlango wa moshi umefungwa.

Feni iliyofungwa vizuri huwa na swichi ya usalama inayohisi mvuto wa hewa na kukizuia kichomeo kisiwake feni isipovuta. Ni kifaa kizuri, ila husumbua. Masizi yakizidi mvuto hupungua, swichi inakata, na mkate unabaki nusu mbichi saa tisa usiku. Fundi akiitwa huunganisha nyaya mbili moja kwa moja na kuiruka swichi. Oda inatoka asubuhi, kila mtu anashukuru, na kuanzia siku hiyo hakuna kinachomlinda mwokaji. Kamati ikitembelea mradi, swali la kwanza liwe hili: swichi ya feni ipo, na inafanya kazi?

Wapo watakaosema kwamba siku za mgao zimepita. Ni kweli kwamba mgao mkali wa 2006, wa 2011 na ule wa mwishoni mwa 2023 ulitupa shida kubwa, na kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Tunashukuru. Lakini umeme mwingi kwenye gridi hauzuii transfoma ya mtaa kulipuka, wala hauizuii feni kushika masizi.

Ugonjwa unaofanana na malaria

Moshi mweusi unaonekana, unanuka na unachoma macho, hivyo watu huukimbia. Kilicho kibaya zaidi hakionekani. Mafuta, gesi, kuni au mkaa vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikivutwa hushika mahali pa oksijeni ndani ya damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Ikizidi, mtu huzimia na kufa.

Hapa kwetu dalili hizo zina jina moja: malaria. Mwokaji anameza dawa, anapumzika nyumbani siku mbili, anapata nafuu, anarudi kazini, na kichwa kinaanza tena. Kiongozi wa zamu ajifunze kutofautisha. Kama watu wawili au watatu wa zamu moja wanaumwa kichwa saa zilezile, hawana homa, na wanapata nafuu wakitoka nje, shaka iende kwenye tanuri kabla ya kwenda kwa mbu. Kichomeo kizimwe, milango ifunguliwe, wote watoke nje, na aliyezidiwa apelekwe hospitali akiwa na maelezo kwamba alikuwa kwenye moshi. Maelezo hayo ni muhimu, kwa sababu kipimo cha malaria hakitamwambia daktari habari za tanuri. Kengele ndogo ya betri inayogundua kaboni monoksidi ni kitu cha kuweka kwenye bajeti hata kama dohani ni nzuri.

Wajibu huu si wa huruma peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwajiri, na mradi wa parokia unaolipa watu mishahara ni mwajiri kama wengine.

Dohani haina mota

Dohani huvuta moshi kwa sababu moja tu: hewa ya moto ni nyepesi. Meta moja ya ujazo ya hewa ya Dar es Salaam, yenye nyuzijoto 30, ina uzito wa kama kilo 1.16. Moshi wenye nyuzijoto 200 kwa ujazo uleule una uzito wa kama robo tatu ya kilo. Hewa nzito ya nje inaingia chini na kuusukuma ule mwepesi juu. Dohani ikiwa ndefu zaidi, na moshi ukibaki wa moto zaidi, mvuto unakuwa mkubwa zaidi. Umeme ukizimika, dohani inaendelea kuvuta mpaka tanuri lipoe, na hivyo hata ule moshi uliobaki ndani unapata njia.

Hapa wafadhili wasome kwa makini. Mvuto unategemea tofauti ya joto kati ya ndani ya dohani na nje. Kwa hesabu ya hapo juu, Dar es Salaam kila mita ya kimo hutoa mvuto wa kama paskali 4. Mahali ambapo nje ni nyuzi sifuri, mita hiyohiyo hutoa zaidi ya paskali 5. Maana yake ni kwamba mchoro mzuri uliotoka nchi ya baridi ukijengwa hapa ulivyo, utavuta pungufu kwa karibu robo. Dawa ni kuongeza kimo, na kuzuia moshi usipoe njiani.

Kwa hiyo bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa moshi wa tanuri. Sehemu ya kulala iwe fupi na ipande kidogo kuelekea kwenye dohani, kama sentimeta 2 kwa kila mita. Kona ziwe chache, na ziwe za mlalo badala ya kukatika kama herufi L. Juu ya paa, mdomo wa dohani uwe juu ya bati kwa sentimeta 90 au zaidi, na upite kwa sentimeta 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka hapo.

Kusi, kaskazi na maghorofa

Kanuni hiyo ya sentimeta 60 inatosha kwa parokia ya kijijini. Kariakoo ni habari nyingine. Mtaa uliokuwa wa nyumba za Kiswahili zenye paa la bati sasa una maghorofa, na nyumba ya chini iliyobaki katikati yake iko kama ndani ya kisima. Upepo ukigonga ghorofa kutoka upande wako, hewa hujazana mbele ya ukuta na kusukuma kila kitu chini. Upepo ukitoka nyuma ya ghorofa, hupita juu yake na kuanguka upande wako ukizunguka. Katika hali zote mbili moshi unaweza kurudishwa ndani ya dohani.

Watu wa pwani tunajua kwamba upepo wetu hauna tabia moja. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki katikati ya mwaka, na kaskazi huja kutoka kaskazini mashariki kuanzia mwezi wa 12 hadi wa tatu. Dohani iliyojaribiwa Agosti na kusifiwa inaweza kuanza kurudisha moshi Januari, na watu wakamlaumu fundi, au dizeli, au yule mwokaji mpya. Kabla ya kujenga, tunashauri jambo lisilo na gharama: fungeni kitambaa chepesi kwenye mti juu ya paa, mahali ambapo mdomo wa dohani utakuwa, na mtu akiangalie asubuhi na jioni. Kitambaa kikielekea chini mara kwa mara, mahali hapo hapafai, au kimo hakitoshi. Kama muda unaruhusu, kiangalieni katika majira yote mawili.

Kofia ya juu ni ya lazima kwa ajili ya mvua za masika na vuli, lakini isibane. Kofia iliyokaa karibu mno na mdomo wa bomba huzuia moshi kama kiganja juu ya chupa.

Bati gani?

Mafundi chuma wa Gerezani wanaweza kukunja chochote utakachowachorea, na kazi yao ni nzuri. Kosa huwa kwenye vipimo wanavyopewa. Kamati ikisema "bati" bila maelezo, italetewa bati la kuezekea, kwa kuwa ndilo rahisi. Bati hilo ni jembamba, na zinki iliyolipaka huharibika kwa joto la moshi. Likichomelewa au kupashwa moto mkali hutoa mvuke wa zinki, ambao nao unaumiza mapafu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalitegemei. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa mvuke wa maji wa karibu lita moja. Tanuri linalotumia lita 5 kwa saa linapitisha ndoo nzima ya maji kwenye bomba kila baada ya saa nne. Bomba likiwa la moto mvuke hutoka salama. Likiwa jembamba na baridi, hasa wakati wa kuwasha alfajiri, mvuke huganda kuwa matone kwenye kuta za ndani. Salfa iliyomo kwenye dizeli, ingawa ni kidogo kuliko ya zamani, hugeuza matone hayo kuwa tindikali. Wakati huohuo upepo wa bahari unaleta chumvi nje. Bomba linaliwa pande zote mbili.

Ushauri wetu ni bomba la chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi, daraja la 316 kama fedha zinaruhusu, kwa kuwa huvumilia chumvi kuliko daraja la 304. Liwe la kuta mbili zenye pamba ya kuzuia joto katikati. Ni ghali. Kamati zitaona tofauti ya bei na kushtuka. Lakini ukuta wa pili hulinda mambo mawili kwa pamoja: moshi unabaki wa moto na kuvuta vizuri, na mbao za paa haziungui. Bomba la ukuta mmoja lisikaribie kenchi, papi au dari ya mbao kwa chini ya sentimeta 45, na kwenye paa letu la kawaida nafasi hiyo haipatikani. Soko Kuu la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wa eneo hili hawahitaji kuelezwa moto ni nini.

Vipande viungwe hivi: mdomo wa kipande cha juu uingie ndani ya kipande cha chini, ili maji yakishuka yabaki ndani badala ya kuvuja kwenye maungio. Chini kabisa pawe na kifuniko cha kutolea masizi. Fundi akiweka kona ya kawaida mahali hapo badala ya kiungo cha T, hakuna atakayesafisha dohani hiyo milele.

Siku ya kubadilisha

Kazi hii inahitaji watu wawili wenye ujuzi tofauti, fundi chuma na fundi wa vichomeo, na wa pili ndiye husahaulika. Feni ikiondolewa, nyaya za swichi yake haziachwi zikining'inia wala kuunganishwa kiholela. Fundi wa kichomeo asome mchoro wa mtengenezaji na kuweka swichi ya usalama inayofaa dohani. Kisha arekebishe upya hewa ya kichomeo, maana kilikuwa kimewekwa kulingana na nguvu ya feni. Kwenye bomba kiwekwe kilango kidogo chenye uzito kinachojifungua chenyewe mvuto unapozidi, la sivyo siku ya upepo mkali joto la dizeli yenu litapaa bure.

Ukuta, zege au boriti isikatwe bila mhandisi kuangalia. Tangu jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hatufikirii kuna kamati itakayohitaji kubembelezwa katika hili.

Halafu kuna feni ya ukutani, ile ya kupunguza joto chumbani. Wengi huiacha. Chumba kikifungwa na feni hiyo ikiwashwa, hutafuta hewa popote, na njia rahisi huwa ni kuivuta kupitia dohani, pamoja na moshi wake. Chumba kiwe na matundu mawili ya kudumu, moja karibu na sakafu na jingine karibu na dari. Kwa kichomeo cha lita 5 kwa saa, kila tundu lisiwe chini ya sentimeta 20 kwa 20. Wavu wa panya sawa, wavu wa mbu hapana, kwa sababu vumbi la unga huuziba katika siku chache.

Kujaribu ni rahisi. Washeni tanuri, fungeni milango kama inavyofungwa usiku, washeni feni ya ukutani kama itatumika, kisha shikeni kijiti cha ubani kinachofuka karibu na kile kilango cha bomba. Moshi wa ubani ukivutwa ndani, dohani inavuta. Ukisukumwa usoni mwenu, zimeni na kumwita fundi. Jaribio hili lirudiwe upepo unapobadilika.

Pasipofaa dohani

Mradi ulio chini ya ghorofa la watu wengine hauwezi kupitisha bomba kwenye sakafu sita za wapangaji. Hapo feni yenye swichi nzima, iliyounganishwa kwenye laini moja na kichomeo hata jenereta linapotumika, ni bora kuliko dohani fupi inayoishia chini ya dirisha la jirani. Bora zaidi ni kufikiria tanuri la umeme.

Na kama jiko la parokia bado linatumia kuni au mkaa, tusifadhili dohani ili kurefusha maisha yake. Serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Serikali yenyewe hutaja vifo vya watu 33,000 kila mwaka nchini vinavyohusishwa na nishati chafu ya kupikia. Fedha hizo ziende kwenye gesi au umeme.

Kwa kamati zinazoandaa maombi ya dohani ya tanuri la dizeli, tunaomba maombi yaonyeshe kimo cha dohani kutoka kwenye kichomeo, kimo cha majengo ya jirani na upande yalipo, aina ya chuma, na jina la atakayesafisha masizi. Dohani ikaguliwe kila mwezi katika mwaka wa kwanza. Masizi mengi mapya humaanisha kichomeo kinahitaji kurekebishwa. Ombeni makadirio ya bei kutoka kwa mafundi watatu, vifaa na ufundi vikitenganishwa. Picha ya paa, iliyopigwa kutoka ng'ambo ya mtaa, inatusaidia kuliko kurasa tano za maelezo. Tundu la feni ya zamani lizibwe kwa tofali na saruji, si kwa gunia.